Kugeuza jengo la maonyesho kuwa makumbusho, anzeni na ukuta

Wadau, kama mna jengo la zamani la maonyesho, yale yenye nguzo kubwa za Kigiriki mbele na kuba juu, msikimbilie kununua makabati ya vioo, kwanza gongeni kuta mjue ndani kuna nini. Mengi yalijengwa yakae miezi michache tu. Kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago, Marekani, 1893, karibu majengo yote yalikuwa plasta juu ya fremu, lile la sanaa ndo lilipewa matofali ili picha zisiungue, likabaki, ila plasta ya nje ilichakaa mpaka wakaivua wakavisha mawe ya chokaa, na 1933 likafunguliwa kama makumbusho ya sayansi.

Huku kwetu Dar adui ni unyevu na chumvi ya bahari. Ukuta wa mawe ya matumbawe kama Boma la Kale pale Sokoine Drive msipige saruji jamani, nawaomba sana, saruji inafungia maji ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka, tumieni chokaa. Paa na mifereji malizeni kabla ya masika.

Madirisha ya juu yanapendeza lakini jua linaua rangi, mwanga kwenye karatasi na nguo usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). AC msiwashe mchana mkazima usiku, unyevu ukipanda na kushuka ndo mbao zinapasuka. Sakafu injinia aipime kama itabeba uzito. Na njia ya kiti cha magurudumu iwe mbele palepale kwenye ngazi, mzee wa watu asizungushwe uani kama mzigo.