Denmark au Uswidi? Linganisha hivi kabla hujafunga mizigo

Wadogo zangu mnaoniuliza kila wiki wapi kuna maisha mazuri, chukueni daftari, pigeni mstari katikati ya ukurasa. Nimeishi Malmö, mji wa Uswidi, miaka sita, na minne kati ya hiyo nilikuwa navuka Daraja la Öresund linalounganisha nchi hizi mbili kila alfajiri kwenda kuhudumia wazee Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwendo wa treni kama dakika 40. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2000, watu wengi hulala Uswidi na kula jasho lao Denmark.

Anza na hela. Krona ya Denmark ina nguvu kuliko ya Uswidi, kwa hiyo 25,000 ya Denmark si 25,000 ya Uswidi. Zigeuze zote ziwe euro, kisha toa makato. Denmark hukatwa asilimia 8 ya mshahara kabla hata kodi ya mapato haijaanza kuhesabiwa. Andika kinachobaki mkononi, halafu toa pango, nauli na chakula. Denmark kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25 hata kwa mchele na maziwa, wakati Uswidi chakula kina kiwango chake cha chini. Kwa daktari mambo hugeuka: Denmark hulipi, Uswidi kuna ada ndogo.

Sasa andika mstari ambao wengi huuruka: mtoto akiugua, nani ananilipa siku hiyo?

Uswidi mzazi hubaki nyumbani na mtoto mgonjwa, na bima ya jamii humlipa karibu asilimia 80 ya mshahara, hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto. Jambo limezoeleka mpaka lina kitenzi chake, vabba. Denmark hutegemea mkataba wa kazi, na mara nyingi ni siku ya kwanza, pengine na ya pili, basi.

Mimi nililijua hili Novemba moja. Saa tano asubuhi, nikiwa nimepiga magoti namvisha bibi mmoja soksi, chekechea wakapiga simu: binti ana homa. Nilifika saa saba. Nilimkuta kwenye benchi la mlangoni, keshavishwa ovaroli la baridi na buti, mashavu yanawaka, kofia ameishika mkononi. Homa ilikaa siku nne. Nikaomba malipo Uswidi, nikajibiwa sistahili, kwa kuwa anayefanya kazi Denmark bima yake iko Denmark, hata kama kitanda chake kiko Malmö. Sikuonewa, sheria ndivyo ilivyo. Lakini niliumia, maana swali moja tu kabla ya kusaini mkataba lingeniokoa.

Lugha msiidharau. Uswidi, mhamiaji mwenye kibali cha kuishi husomeshwa Kiswidi bure. Kidenishi nakisoma bila shida, ila wakizungumza wanameza nusu ya neno. Wazee wangu walinirudia mara tatu tatu, Mungu awabariki kwa subira.

Mwisho, ukipata nauli nenda ukaone mwenyewe, na usiende Julai. Nenda mwishoni mwa Novemba, usimame kituo cha basi saa kumi jioni giza likiwa limeshaingia na mvua inakuja kwa ubavu. Kisha mtafute mama wa kwetu mwenye watoto wadogo, kila upande mmoja, umuulize lile swali la homa. Jibu lake liandike juu ya mshahara.