Antena ya redio koli kwenye pikapu na tela: kuchagua, kufunga na kupima

Redio nyingi ninazofunga hapa Arusha ni za magari ya watalii: Land Cruiser zinazoshuka kreta ya Ngorongoro alfajiri, na pikapu za kambi zinazobeba mahema na maji kuelekea Serengeti. Mteja huja antena ameshaishika mkononi, ndefu kuliko zote alizozikuta dukani. Mimi namuuliza, "Paa la gari ni la nini?" Wengi hushangaa. Fimbo ile unayoiona ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake, na dukani haliuzwi.

Hatua ya 1: Jua masafa yako

Angalia kibali chako cha TCRA, au cha Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya. Kama kibali huna, anzia huko; antena inakatwa kwa masafa yako, haikatwi kwa kukisia.

Hesabu ni fupi. Gawa 300 kwa megahezi zako, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa VHF (bendi ya megahezi 30 hadi 300) ya megahezi 150 wimbi ni mita 2, robo yake sentimita 50. Punguza kama asilimia 5, inabaki sentimita 47.5, na hiyo ndiyo fimbo ya robo wimbi. Kwa UHF (bendi ya juu yake) ya megahezi 450 ni kama sentimita 16. Kwa HF (bendi iliyo chini ya VHF) ya megahezi 7 robo wimbi ni mita 10 na zaidi, hakuna gari la kuibeba, ndiyo maana antena za HF zina koili nene na hufungwa kwenye ngao ya mbele. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hapa tuko kwenye VHF.

Hatua ya 2: Peleka sumaku kwenye paa

Mimi natumia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Inashika? Hilo ni bati la chuma, umepona. Haishiki? Gonga kwa kidole. Alumini hulia kibati na ukikwaruza mahali pa siri inang'aa. Faiba hulia butu kama beseni la plastiki. Alumini inafaa kabisa kuwa nusu ya pili ya antena, ila antena ya kubandika kwa sumaku haitakaa, lazima utoboe au ufunge kwa bolti. Faiba na turubai haziisaidii antena kwa lolote.

Paa likiwa la chuma au alumini, tafuta mahali penye bati la angalau nusu mita kila upande wa fimbo. Pikapu ya kebini moja inalipata, tena katikati ya paa. Magari yenye paa la kuinua ndiyo yanayosumbua, kwa sababu kipande cha bati kilichobaki juu ya dereva ni chembamba. Hapo nafunga mbele, upande mmoja wa paa, na nakubali kwamba mawimbi yataenda vizuri zaidi upande ule wenye bati nyingi.

Hatua ya 3: Robo, nusu, au tano ya nane

Robo wimbi ndiyo chaguo langu kwa magari mengi. Ni fupi, nafuu, haina koili ya kuharibika, na tawi la mgunga likiipiga inarudi yenyewe.

Tano ya nane ya wimbi ni kama mita 1.2, ina koili chini, na hubana nguvu ielekee upeo wa macho. Kwenye tambarare za Serengeti utaiona faida yake. Ila ukiwa chini ya kreta, karibu na ukuta wenye kimo cha kama mita 600, unayemwita yuko juu ya kichwa chako, na robo wimbi ndiyo inayotupa mawimbi juu zaidi. Njia zako zikiwa za milima, chukua fupi.

Nusu wimbi, karibu sentimita 95, ina kiunganishi chake cha koili chini na haidai bati. Ndiyo ya paa la faiba. Usiifunge robo wimbi juu ya faiba ukategemea muujiza.

Tena, urefu wa fimbo hauvuki mlima. Magari mawili yenye antena mita 2 kutoka ardhini, kwenye tambarare, yanaonana kwa redio kama kilomita 12. Ukitaka zaidi ya hapo unahitaji ripita (redio inayopokea na kurusha tena) kilimani.

Na tela?

Ukivuta tela refu, antena ikae paa la pikapu. Ikiwa bampa ya nyuma, tela linakuwa ukuta mgongoni mwake. Usipitishe kebo ya antena kwenye kiunganishi cha tela. Kama tela ndilo kambi yako, weka redio ya pili humo, na nusu wimbi juu ya nguzo unayoisimamisha mkishafika.

Hatua ya 4: Mguu na kebo

Antena ya sumaku ni ya muda. Barabara ya makorongo huitembeza, na mchanga ukiingia chini yake unakula rangi kama msasa. Kwa gari la kazi natoboa tundu la milimita 19 na kufunga mguu wa kudumu. Kabla ya kukaza, rangi ya upande wa ndani inakwaruzwa mpaka chuma king'ae, maana mguu usiogusa chuma ni kama faiba tu. Ukifunga kwenye ukingo wa boneti, unganisha boneti na bodi kwa waya wa kusuka. Bawaba zenye kutu si arthi.

Kebo iwe ya omu 50. Ya televisheni ni 75, iache nyumbani. Mita 5 za kebo aina ya RG-58 hula kama moja ya tano ya nguvu kwenye VHF: wati 25 zinafika kama 20. Nyembamba kama waya wa earphone hula karibu theluthi. Ipitishe mbali na mlango unaoibana.

Hatua ya 5: Pima, halafu kata

Funga milango, shusha majerikeni na tairi la akiba kutoka kwenye kerea, watu wasimame mbali. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) sehemu tatu: masafa yako ya chini, ya kati, ya juu. Ikishuka kadiri unavyokwenda chini, fimbo ni ndefu. Ikishuka ukienda juu, ni fupi.

Kata kidogo kidogo. Kwenye megahezi 150, milimita 3 zinasogeza karibu megahezi 1. Miaka ya mwanzo nilikata sentimita 2 kwa mkato mmoja, antena ikasogea megahezi 6 hivi, nikavuka masafa ya mteja na kununua fimbo nyingine kwa hela yangu. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu, usijichoshe kutafuta 1.0. Ya 3 inarudisha robo nzima. Ikifika hapo, usiguse kitufe cha kuongea.

SWR nzuri mno kwenye antena ya zamani nayo naishuku. Kebo iliyoingia maji hula nguvu inayokwenda na inayorudi, mita ikakuonyesha sura nzuri huku wenzako hawakusikii. Chomoa kiunganishi, ukikuta kijani kwenye shaba, badilisha kebo yote.

Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, rudi na spana ukaze mguu tena. Huwa unalegea.