Maua ya buluu yenye miiba: namna ninavyoyapanga

Wapangaji maua wengi huyatumia maua haya, eringiamu na ekinopsi, kuziba mapengo kati ya mawaridi. Mimi huyaweka mbele, mawaridi yakayasindikiza. Tazama bua la eringiamu iliyoiva: buluu imetoka kwenye ua ikateremka mpaka kwenye vikonyo. Rangi ya namna hiyo haistahili kufichwa.

Kwanza ujue umeshika lipi. Eringiamu ina kichwa kidogo kama koni, kimezungukwa na kola ya vijani vikavu vilivyochongoka. Ekinopsi ni tufe tupu, halina kola. Yanafanana kwa miiba na rangi tu. Eringiamu ni ya ukoo wa karoti, ekinopsi ni ya ukoo wa alizeti. Kazini tofauti huonekana mara moja: eringiamu hutawanya matawi, bua moja linajaza nafasi kubwa, na vitawi vyake vya pembeni vinatosha kwa ua la kubandika kwenye koti. Ekinopsi husimama wima peke yake, basi iachie nafasi ya kupumua.

Chagua eringiamu iliyokwisha kushika rangi, maana ikikatwa ingali kijani haifikii buluu yake ndani ya maji. Vaa glavu, ng'oa majani yote yatakayozama, kata mabua kwa mshazari kama sentimita 2, kisha yaache kwenye maji mengi safi kwa saa kadhaa. Maji ya eringiamu hunuka upesi. Yabadilishe kila baada ya siku moja au mbili, na chombo ukioshe, usiongezee maji tu juu ya yale ya zamani.

Mimi hupenda chombo kifupi chenye mdomo mpana. Ndani yake nakunja waya wa kuku uwe tufe legevu. Huo ndio unaoshika mabua. Naanza na majani ya mkaratusi, yafuate mawaridi au dalia, halafu ndipo maua ya miiba. Yanaingia mwisho ingawa shughuli ni yao, kwa sababu mwiba ukikwaruza petali ya waridi, alama ya kahawia hujitokeza baadaye na haifutiki. Kwa hiyo yaachie nafasi tangu mwanzo, na ukiliingiza bua, shika majani ya jirani kwa mkono wa pili uyasogeze kando.

Usiyatawanye moja moja. Buluu hurudi nyuma machoni, na taa ya manjano ikiwaka jioni inageuka kijivu kabisa. Weka matatu pamoja, kila moja kimo chake, na ubavuni pa kila kundi uweke kitu cheupe au cha rangi ya parachichi mbivu iliyokatwa: krimu inayoelekea manjano. Ukitaka ukali zaidi tumia chungwa, rangi inayokabiliana na buluu kwenye duara la rangi. Nyekundu iliyoiva siishauri hata kidogo. Hiyo na buluu zote mbili zinazama gizani.

Ukipata Eryngium giganteum, eringiamu ile ya rangi ya fedha, ichanganye humo humo, maana huinua buluu kuliko ua lolote jeupe. Husimuliwa kwamba Ellen Willmott, mtunza bustani wa Uingereza aliyefariki mwaka 1934, alikuwa akidondosha mbegu za ua hili kwa siri katika bustani za watu aliowatembelea. Namwelewa sana.

Ya kukausha yafunge mafungu madogo, yaning'inize vichwa chini mahali pakavu, penye hewa na giza, kwa wiki mbili hadi tatu. Mwanga ndio unaopausha rangi. Ekinopsi ya kukausha ikatwe tufe likiwa buluu lakini viua vyake vidogo havijachanua. Vikishachanua, tufe lote hupukutika mara ukiligusa.