Kukodi meli ya mzigo wa kichele: pesa inapotelea bandarini

Wengi wakitaka kukodi meli swali la kwanza ni nauli ya tani bei gani, kumbe kinachoumiza zaidi ni siku meli itakazokaa bandarini. Mzigo wa kichele ni ule unaomiminwa melini bila magunia. Tuchukue ngano tani 30,000 kutoka Novorossiysk, Urusi, kuja Mombasa, mzigo wa kawaida kabisa kwa viwanda vyetu vya unga.

Unaweza kukodi kwa safari moja, unalipa kwa tani, mafuta ya meli ni juu ya mwenye meli, au kwa muda, unalipa kwa siku na mafuta ni yako. Kama huna mizigo mfululizo chukua ya safari moja usijipe presha bure.

Kisha mpe broka (dalali wa meli) oda iliyokamilika: mzigo gani, tani ngapi na inaruhusiwa kuzidi au kupungua asilimia ngapi (5 au 10 ndo kawaida), bandari zote mbili, tarehe ya mwanzo na ya mwisho ya meli kufika kupakia, maana ikipitisha ile ya mwisho una haki ya kuvunja mkataba. Kwa tani hizo utapewa handisaizi, yaani meli ya mzigo ya ukubwa mdogo kiasi, nyingi zina kreni zake. Uliza mapema kina cha maji cha gati utakaloshushia.

Sasa mkataba, na hapa nakuomba usome kila mstari. Fomu ya mkataba inayotumika sana ni GENCON ya BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, na ile ya 1994 inasema hivi: nahodha akitoa notisi kwamba meli iko tayari kabla ya saa 6 mchana au saa 6 kamili, muda wako wa kupakia au kushusha unaanza kuhesabiwa saa 7 mchana siku ileile, akiitoa baadaye unaanza saa 12 asubuhi siku ya kazi inayofuata. Na gati likiwa limejaa, meli inaweza kutoa notisi ikiwa imetia nanga nje, muda unahesabika kama vile ipo gatini! Ndo maana foleni ya bandari ni hela yako, sio ya mwenye meli.

Piga hesabu. Tuseme mmekubaliana kupakua tani 3,000 kwa siku, una siku 10. Ukatumia 14 na demareji, yaani malipo ya kuchelewesha meli kupita muda mliokubaliana, ni dola 15,000 kwa siku, hizo ni dola 60,000 juu ya nauli. Kwa hiyo usikubali kasi ambayo malori na maghala yako hayaiwezi, na hakikisha imeandikwa kabisa kama mvua na Jumapili zinahesabiwa au la, kwa sababu ukishaingia demareji kwa kawaida zinahesabiwa zote.

Kabla ya kupakia, mkaguzi wako ashuke mwenyewe ndani ya ngama (chumba cha mzigo melini), aangalie kutu inayobanduka, vumbi la makaa au klinka (malighafi ya saruji) la safari iliyopita, harufu, unyevu, na vifuniko vipimwe kama vinavujisha maji. Ngano ikilowa baharini hakuna kinu kitakachoipokea.

Meli ikimaliza kushusha utaletewa karatasi ya matukio ya kila siku usaini. Linganisha na daftari la mtu wako aliyekuwa gatini, mvua ilianza saa ngapi ikaisha saa ngapi, kreni ipi iliharibika na kwa muda gani, na kama kuna saa hazilingani andika pingamizi lako palepale ndo usaini.