Drafti ya vitenzi: kufundisha wakati uliopita wa Kiingereza kwa vizibo vya soda

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu, kijana aliyepangiwa kituo kisiwani Ukerewe, alikuja Mwanza kwa meli ya Nansio kushughulikia mambo yake, akapita kwangu jioni na daftari la mwanafunzi wake wa Kidato cha Kwanza. Ukurasa mzima ulikuwa "did not went", "did not ate", "did not saw". Akaniambia, "Madam, kanuni nimeifundisha mara nne. Wameiimba, wameinakili. Nifanye nini tena?" Tulikaa barazani hadi saa tatu usiku, tukakata boksi, tukacheza drafti mimi na yeye. Wakati wa kuaga akaomba nimwandikie hatua zote. Najua si yeye peke yake mwenye shida hiyo, kwa hiyo naziandika ziwafae na wengine.

Watoto wetu wametoka shule ya msingi walikosoma kwa Kiswahili, na nyumbani wengi wao wanaongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Wakifika Kidato cha Kwanza, Biolojia na Jiografia zinageuka Kiingereza siku moja. Kipindi cha Kiingereza ndicho mahali pekee ambapo wanaweza kukosea kwa sauti bila kupoteza alama za somo jingine. Ndiyo maana nataka kila mmoja afungue kinywa, na katika darasa la wanafunzi 84 mchezo ndiyo njia pekee niliyoiona ikiwezesha hilo.

Hatua ya 1: Chagua kosa moja

Hapa ni wakati uliopita: kukubali, kukanusha, kuuliza. Ukichanganya na "have gone" siku hiyohiyo, utapoteza yote mawili.

Hatua ya 2: Msamiati kwa bingo

Andika maneno 15 ubaoni. Kila mwanafunzi achore miraba 9 kwenye daftari, ajaze maneno 9 anayoyataka. Punje za mahindi ndizo alama. Wewe usitaje neno, lieleze kwa Kiingereza chepesi, wao walitafute. Mimi hutumia maneno ya mwaloni wa Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, maana wengi darasani kwangu wameshabeba ndoo, wameanika dagaa au wamemsindikiza mama kununua sato: net, hook, bait, fin, bone, bucket, ice, scale. Hilo la mwisho nalipenda sana, kwa kuwa "scale" ni gamba la samaki na pia ni mzani anaopimiwa samaki huyohuyo. Toa maelezo ya mzani kwanza, kisha ya gamba, uwaache wabishane kama ni neno moja au mawili. Hawatalisahau.

Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 3: Nyama nyama ya vitenzi

Mchezo wenyewe wanaujua tangu utotoni: kiongozi anataja mnyama, anayeliwa wanaitikia "nyama!" na kuruka, asiyeliwa wananyamaza, na atakayeruka kwa simba anatoka. Sasa kiongozi ataje kitenzi cha Kiingereza. Kama wakati uliopita wake unaongeza "-ed", wanaruka: walk, cook, wash. Kama kinabadilika umbo au hakibadiliki kabisa, kimya: go, sell, cut. Wote wasimame mahali pao, madawati yasisogezwe. Dakika tano.

(Siku nyingine mchezo huu unafaa kwa nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Utasikia "many water", na sababu iko katika Kiswahili chetu: maji ni mengi, yanamwagika, yanachota upatanisho wa wingi. Lakini hilo ni somo lake, usiliingize hapa.)

Hatua ya 4: Tengeneza ubao na kete

Kata boksi gumu, la biskuti au la sabuni, na uchore kwa maka peni. Manila inapendeza ila inakunjika baada ya wiki mbili, na darasa lisilo na vioo vya madirisha upepo wa ziwa unaipeperusha. Boksi halipeperuki. Wapo wanaoniambia kuna programu nzuri za simu za kazi hii. Simu yangu ni moja, wanafunzi hawaruhusiwi kuja na zao, na skrini moja haiwezi kutazamwa na watoto 84. Boksi na vizibo, hapo nimefika.

Usichore ubao wa kawaida wa miraba 64. Mchezo wake hauishi ndani ya dakika 40. Chora wa sita kwa sita: miraba 36, na inayochezewa ni ile 18 ya rangi. Kila mchezaji anapanga kete 6 katika safu zake mbili za mwanzo, safu mbili za katikati zinabaki wazi. Mmoja vizibo vyake vinatazama juu, mwingine chini. Kundi ni watu wanne, kwa hiyo wanafunzi 84 ni makundi 21, na vizibo ni 252. Waombe wenye duka la soda wakuwekee, ndani ya wiki mbili utavipata. Ubao ukipungua, sisi wa Mwanza tuna miamba: tafuta jiwe bapa uwanjani, chora kwa chaki, kundi likakae hapo.

Katika kila mraba wa rangi andika kitenzi kimoja, umbo la kawaida tu. Kuna jambo nililichelewa kuligundua: miraba 6 ya katikati ndiyo inayokanyagwa kila mchezo. Mimi vitenzi vigumu niliviweka pembeni, na wiki mbili nzima watoto walirudia "cooked" na "washed" bila kukutana na "caught". Weka katikati vile vinavyowasumbua: go, eat, see, buy, sell, catch. Pembeni weka vyepesi.

Hatua ya 5: Waonyeshe kwamba tayari wanaijua kanuni

Andika ubaoni: alilala, hakulala. Waulize ile "-li-" imekwenda wapi. Watakwambia imeondoka, imekuja "-ku-". Hapo waandikie "slept" na "did not sleep" chini yake. Kiswahili hakiweki alama mbili za wakati uliopita katika kitenzi kimoja, na Kiingereza vilevile: "did" ikishabeba wakati, kitenzi kinarudi nyumbani kwake. Mtoto anayeandika "did not slept" ni kama aliyesema "hakulilala". Watacheka, na ndipo kanuni inapoingia.

Chunga sana mfano unaochagua. Mimi nilianza na alisoma na hakusoma, nikawaambia "hakulisoma" haipo. Mkono ukanyooka nyuma: "Madam, mbona ipo? Hakulisoma gazeti." Alikuwa sahihi kabisa, ile "-li-" ni ya gazeti. Kipindi kikaishia kwenye ngeli. Epuka pia alikula na alikuja, kwa sababu vitenzi hivyo vifupi vina "-ku-" hata katika kukubali, na mfano wako unavurugika mbele ya macho yao. Tumia lala. Ni kitenzi kisichodai kitu cha kutendwa, hakina ubishi.

Hatua ya 6: Sheria za mchezo, na mwamuzi

Soma hatua hii mara mbili kabla ya kuingia darasani. Ndiyo iliyonimalizia muhula karibu mzima.

Mara ya kwanza niligawa ubao, nikasema "chezeni, mkifika kwenye kitenzi kitungieni sentensi." Walicheza drafti safi sana. Kwa Kiswahili. Kete zilikuwa zinapaa, vinywa vimefungwa au vinatambiana, na vile vitenzi vilikuwa mapambo tu. Nikajifunza kwamba sentensi isipokuwa ndiyo mafuta ya kete, haitatamkwa. Kwa hiyo sheria ya kwanza: sentensi kwanza, kete baadaye. Mchezaji aguse kete, aseme sentensi ya mraba anaokwenda, mwamuzi akubali, ndipo kete iondoke. Akisogeza kabla ya kusema, kete inarudi na zamu inapotea. Usilegeze hata kwa kundi la wanafunzi wazuri.

Sheria ya pili inafunga kila umbo na tendo lake:

– Kusogea mbele ni kukubali: "Yesterday my aunt sold two buckets."
– Kula kete ya mwenzako ni kukanusha, kwa kitenzi cha mraba uliokuwa na kete iliyoliwa: "My aunt did not sell fish on Sunday."
– Kete ikifika safu ya mwisho ya mpinzani ikawa kingi, kila inapotembea ni kuuliza, na mpinzani lazima ajibu: "Did your aunt sell the boat?"

Usiache kukanusha liwe hiari. Nilipoacha wachague, hakuna aliyekanusha, na kosa nililotaka kuliponya halikuguswa.

Sheria ya tatu ni ya nafsi. Bila hiyo utasikia "Yesterday I" mara arobaini. Hairuhusiwi kutumia "I" mara mbili mfululizo, na mtu akitajwa kwa "he" au "she" mwamuzi aulize ni nani. Kiswahili hakitofautishi, "a-" ni ya baba na ya mama, ndiyo maana shangazi anageuka "he" bila mtu kushtuka. Mwamuzi akiuliza "Who?" na jibu likawa "my aunt", kundi zima linashtuka lenyewe.

Sasa mwamuzi. Mwanzoni mwamuzi nilikuwa mimi. Kwa makundi 21 hilo haliwezekani: foleni ilifika mlangoni, na waliosubiri waliendelea kucheza bila sentensi. Nikawapa kazi hiyo wanafunzi, nao wakapitisha "catched" kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu hata wao hawakujua. Nikaandika maumbo ya wakati uliopita juu ya ubao wenyewe, na wachezaji wakaacha kufikiri, wakasoma tu. Dawa niliyoipata ni kadi ya mwamuzi: karatasi moja yenye vitenzi vyote 18, umbo la kawaida kushoto na la wakati uliopita kulia. Anaishika mwamuzi peke yake, uso wake kwake. Hasaidii, hatoi dokezo, anasema "yes" au "no" tu. Baada ya mzunguko mmoja mchezaji aliyekosea anaruhusiwa kujaribu tena mraba uleule.

Mwamuzi abadilishwe kila dakika nane. Anayeshika kadi ndiye anayejifunza zaidi ya wote, kwa kuwa analinganisha kila sentensi na maandishi, na si haki kumpa mtu mmoja faida hiyo kipindi kizima. Nawaanzisha na walio wanyonge wa Kiingereza. Mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono anapomwambia kinara wa darasa "no", mgongo wake unanyooka, na wiki inayofuata anasema sentensi zake mwenyewe.

Tatizo jingine kubwa lilikuwa la ushindi. Wavulana wanaoshinda vijiweni chini ya mwarobaini wanajua drafti kuliko mimi. Walikuwa wanamaliza kete za wasichana wenye Kiingereza kizuri kuliko chao, na wasichana wakaanza kuuchukia mchezo. Kwa hiyo mshindi simhesabu kwa kete. Sentensi sahihi ya kukubali ni alama 1, ya kukanusha 2, swali 3. Mwenye alama nyingi ndiye mshindi hata kama kete zake zimekwisha. Tangu hapo wanawinda kete ili wapate kukanusha, na hilo ndilo ninalolitaka.

Kiswahili wakati wa kubishana kuhusu sheria nakiruhusu. Mtoto anayedai haki yake aidai kwa lugha anayoiweza. Simfungi mtu kibao shingoni wala simtozi faini kwa kuongea Kiswahili, na nakusihi nawe usifanye hivyo; anayeogopa kufungua kinywa hatafungua hata kwa Kiingereza. Zawadi ya pipi pia niliiacha. Ilileta udanganyifu kwenye alama siku ya kwanza tu.

Kelele zitakuwepo. Nenda ukamweleze mwalimu wa darasa la jirani na mkuu wa shule kabla, siyo baada.

Hatua ya 7: Karatasi ya mwandishi

Mtu wa nne katika kundi ni mwandishi. Anaandika alama, na anaandika sentensi tano zilizokataliwa, kama zilivyosemwa, bila jina la aliyesema. Dakika kumi kabla ya kengele kusanya karatasi, chagua sentensi nne au tano zinazojirudia, ziandike ubaoni, darasa lizisahihishe kwa pamoja. Matamshi usiyaguse siku hiyo. Watasema "work-ed" kwa silabi mbili. Yaandike katika andalio la somo lijalo.

Nilimwambia mwenzangu wa Ukerewe azihifadhi karatasi hizo kwa tarehe. Zangu za Machi zina "did not went" karibu kila kundi. Za Agosti nilipozipekua mbele yake barazani, tuliipata mara tatu, na zilizobaki zilikuwa "did not bought" na "did not caught", kwa hiyo vitenzi hivyo viwili sasa vinakaa miraba ya katikati kabisa.

Vizibo vihesabiwe kabla kundi halijasimama: 12 kwa kila mfuko, mwandishi anafunga, monita anapokea. Vikipungua, tazama kwanza uani. Watakuwa wamechora ubao mwingine kwenye mwamba, wanaendelea.