Somo: Kuunga shaba na alumini kwa msuguano, zinki ikiwa katikati

Mafundi, hamjambo. Wanaofunga sola na betri hapa Kisumu huuliza sana namna ya kuunga bapa la shaba na la alumini bila boliti. Boliti hulegea, na kwa unyevu huu wa ziwa alumini inayogusana na shaba huliwa upesi. Ukichomelea kwa moto wa kawaida, metali hizi mbili huzaa tabaka gumu linalovunjika kama kigae.

Njia ya msuguano ilibuniwa mwaka 1991 katika TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji huko Uingereza. Pini ngumu huzungushwa, ikazamishwa kwenye kiungo na kusogezwa. Metali hulainika na kukorogeka bila kuyeyushwa. Lakini msidhani lile tabaka limekwisha. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 na shaba 1085, ila zikichanganyika zaweza kuanza kuyeyuka kwa 548 tu. Kazi ikipata joto kupita kiasi, unafika huko. Ndipo zinki inapokuja.

1. Tafuta mashine ya milingi (ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) iliyo nzito na isiyocheza. Pini ni ya H13, chuma cha zana za kazi ya moto, kilichotiwa ugumu. Kwa bapa za milimita 3, bega (sehemu pana juu ya pini, inayokandamiza uso wa bapa) liwe na kipenyo cha milimita 15 hadi 18, pini iwe na urefu wa kama 2.7.

2. Piga msasa kingo zote mbili, futa kwa asetoni, na usizishike tena kwa vidole.

3. Weka ukanda wa zinki kati ya kingo, unene wa milimita 0.05 hadi 0.1. Hapa ndipo watu huharibu. Wanadhani ni ya kujazia, wanaongeza unene. Zinki si ya kujaza pengo. Ikikutana na alumini huyeyuka karibu na nyuzi 381, husukumwa nje na kuondoka na utando wa oksidi unaofunika alumini, tena hupunguza mgusano wa moja kwa moja kati ya shaba na alumini. Ikizidi, unabaki na mshono wa zinki, na huo ni mnyonge.

4. Bana kila kitu juu ya bapa nene la chuma. Klampu ziwe nyingi, maana pini hutaka kutawanya bapa.

5. Pini ikizunguka kwa mwelekeo wa saa, nawe ukiifuata kwa nyuma, shaba ikae kushoto. Sogeza pini kuelekea alumini milimita 1 hadi 2, iiguse shaba pembeni tu. Inamisha kichwa nyuzi 2 ili nyuma ya bega ikandamize.

6. Anza na mizunguko 800 hadi 1000 kwa dakika, mwendo wa milimita 50 kwa dakika. Zamisha polepole, ngoja sekunde chache alumini ilainike, ndipo usogee. Mwishoni pini huacha shimo. Kata kipande hicho.

7. Kata kipande cha majaribio ukikunje kwenye jiriwa. Kikivunjika kwa uso unaong'aa, bila kujikunja kwanza, punguza mizunguko au ongeza mwendo.

MASWALI

Fundi Kondele: Mkuu, drili ya meza haiwezi?
Jibu: Haiwezi, ndugu yangu. Bearingi zake zimeundwa kusukuma chini. Hapa kuna nguvu kubwa ya kwenda pembeni; utaua drili na pini ivunjike. Waombe wenye milingi chuoni.

Mama Friji: Mwalimu, mabomba ya friji je? Shaba na alumini zinakutana huko kila siku.
Jibu: Mama, bomba ni jembamba na ndani ni tupu, litabonyea. Huko tumia rodi ya zinki na alumini pamoja na flaksi yake (dawa ya kuondoa oksidi), kwa moto mdogo. Zinki ile ile, kazi nyingine.

Dogo wa Poli: Nikitumia bati lenye zinki tayari, nilaze alumini juu yake?
Jibu: Swali zuri, dogo. Inafanyika, na ile zinki ya bati husaidia kushikanisha. Alumini iwe juu, pini isizame kwenye chuma, ikikwaruze tu. Bati la kuezekea ni jembamba mno, litajikunja. Tafuta la milimita 1 kwenda juu, na usifanyie kazi chumba kilichofungwa.