Kugawana kazi za ng'ombe wawili wa maziwa nyumbani

Wanaofuga ndani, kama ilivyo Kiambu, Meru au miteremkoni Kilimanjaro, wapange kwanza nani anakamua. Kazi nyingine zinavumilia kuchelewa, hii haivumilii.

Awe mtu mmoja, na msaidizi mmoja ambaye ng'ombe wamemzoea. Saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Anawe mikono kwa sabuni, aoshe chuchu kwa maji ya uvuguvugu, azikaushe kwa kitambaa, kila ng'ombe na chake. Michirizi ya kwanza iingie kwenye kikombe cheusi: ukiona madonge au majimaji, huyo ana ugonjwa wa kiwele, akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasichanganywe na mengine. Tangu kuosha mpaka kumaliza zisizidi dakika 7 hivi, kwa sababu homoni inayoshusha maziwa haidumu. Leo akikamua mama, kesho kijana aliyeamshwa kwa makelele, ng'ombe huzuia maziwa, na yanayobaki kiweleni hukaribisha ugonjwa uleule.

Ng'ombe wa kilo 400 hivi hula kilo 60 au zaidi za matete mabichi kwa siku, na anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 80 za maji. Kwa wawili, hayo ni madumu sita hadi manane ya lita 20, na aghalabu huishia kichwani kwa mama. Ukipata pesa, tangi na bomba vitangulie mashine ya kukata majani.

Watoto wapewe kazi ya macho: kuangalia joto, yaani dalili kwamba ng'ombe anataka dume, kabla ya shule na jioni. Ng'ombe akisimama tuli huku mwenzake anampanda, waandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Akionekana asubuhi, mhimilishaji (anayepandikiza mbegu za dume) aje jioni. Akionekana jioni, aje kesho asubuhi. Wakikosea, mnasubiri siku 21 nyingine.

Halafu pesa, panapogombanisha wengi. Mara nyingi maziwa ya asubuhi huenda ushirika na malipo ya mwezi huingia kwa jina la baba. Ya jioni hubaki mikononi mwa mama. Tatizo ni kwamba asiyebeba majani ndiye anayeshika pesa ya pumba, na pumba ndiyo hupunguzwa kwanza. Ombeni ushirika ukate gharama ya chakula kabla ya kulipa, kama unatoa huduma hiyo. Kama hautoi, akaunti iwe na majina mawili.